Ndege zinapita juu ya Uganda: moshi wake unaandikwa kwenye daftari la nani?

Bauza_Kitooro (mwenye uzi)

Wakuu, salamu kutoka Entebbe. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalileta hapa kwa sababu najua humu wapo waliosomea urubani Soroti, wapo wa hali ya hewa, na wapo wanaoishi tu chini ya njia ya ndege kama mimi.

Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kujaza ndege mafuta. Unasogeza bauza, lile gari la tangi la mafuta, unavuta mpira, unaufunga chini ya bawa, unafungua, unasubiri. Ukimaliza unaandika stakabadhi: namba ya ndege, lita zilizoingia, joto la mafuta, uzito wake kwa lita, saini. Nakala moja anaondoka nayo rubani, nyingine inabaki kwetu. Mvua ikinyesha karatasi inalowa, unaianika juu ya dashibodi ya gari. Siku hizi nimehamia ofisini, na kazi yangu ni kukusanya karatasi hizo hizo kwa niaba ya wenye ndege. Ndipo nilipojua zinakoishia. Zinaishia Montreal, kwenye makao ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga.

Tangu 1 Januari 2019, chini ya mpango wa ICAO wa kupima na kufidia kaboni ya ndege, unaoitwa CORSIA, uliopitishwa 2016, kampuni ya ndege ambayo safari zake za kimataifa zinatoa zaidi ya tani 10,000 za kaboni dioksaidi kwa mwaka inatakiwa kupima mafuta inayochoma, kuandika ripoti, kukaguliwa na mtu wa nje, na kuipeleka kwa mamlaka ya nchi yake. Nchi nayo inaipeleka ICAO. Safari za ndani hazimo. Ndege zisizozidi kilo 5,700 hazimo. Uganda ingeweza kukaa pembeni, lakini ilijiunga kwa hiari na awamu ya majaribio iliyoanza 2021, na kwa hilo naipongeza bila kinyongo.

Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua huhesabiwa kilo 3.16 za kaboni dioksaidi. Watu huniuliza kilo moja inazaaje tatu. Ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta hujishika na oksijeni, na oksijeni hiyo haikupandishwa kwenye tangi, imekutwa hewani. Kwa hiyo zile tani 10,000 ni sawa na tani kama 3,165 za mafuta, karibu lita milioni 4.

Sasa angalieni neno hilo, lita. Mimi nilijaza kwa lita, Montreal wanataka kilo. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa takriban gramu 800, lakini si 800 kila siku: yakipata jua yanatanuka, yakipoa yanasinyaa, na viwango vinaruhusu kuanzia 775 hadi 840 kwa nyuzi 15. Kampuni moja ndogo niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na jedwali ambalo kichwa cha safu kimeandikwa «kilo», na chini yake kwa miezi kadhaa watu walikuwa wakinakili lita kama zilivyo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini mafuta yote yaliongezeka kwa robo kwenye karatasi, na kama nisingekuwa nimeshika mpira kwa mkono wangu nisingeshtuka, kwa sababu nambari zenyewe zilipendeza macho. Nilikesha siku tatu nikirudi kwenye stakabadhi moja moja.

Hilo lilirekebishwa. Lililonileta ni kubwa zaidi. Karatasi yangu, hata ikiwa safi kabisa, inajua nani amechoma na amechoma kiasi gani. Haijui amechomea wapi.

Kwa kaboni dioksaidi hilo si neno. Gesi hiyo inakaa hewani kwa vizazi na vizazi, inachanganyika dunia nzima, na tani iliyotoka Entebbe na iliyotoka Tokyo hazina tofauti. Lakini ndege hutoa pia oksidi za nitrojeni, masizi, mvuke wa maji na salfa, na hizo madhara yake yanategemea mahali, kimo, saa na unyevu. Tathmini kubwa iliyochapishwa 2021, ikiongozwa na David Lee wa Manchester, ilikadiria kwamba usafiri wa ndege umebeba takriban asilimia 3.5 ya msukumo wa binadamu katika kuipasha dunia joto, na kwamba karibu theluthi mbili ya mzigo huo wa ndege haitokani na kaboni dioksaidi. Sehemu kubwa ni ile mistari myeupe inayogeuka mawingu.

Ndege inayotoka kusini mwa Afrika kwenda Ulaya ikikata juu yetu usiku kwenye kilomita 11 au 12, hainunui hata lita moja Entebbe. Mafuta yake yameandikwa kwingine. Mchirizi wake, ule mstari mweupe, umebaki juu ya mji wetu wa Masaka.

Nauliza kwa moyo mmoja: cha juu ya Masaka anakiandika nani?

Mpakani_Busia

Mkuu, heshima kwako, umeeleza vizuri. Ila mimi nina neno. Ndege zetu ni chache kupita kiasi. Uganda Airlines ilifufuka 2019 ikiwa na CRJ900 nne, baadaye zikaongezeka A330-800 mbili. Uwanja mmoja wa Ulaya kwa asubuhi moja unarusha zaidi ya hizo. Sasa sisi tuhangaike kupima kitu ambacho si sisi tuliokileta? Waliochafua na wapime wao. Sisi tuna malaria, tuna barabara.

Bauza_Kitooro

Ndugu yangu wa Busia, sikupingi kuhusu nani aliyechafua zaidi. Hilo limeandikwa na halifutiki.

Ila fikiria hivi. Jirani akija kulima akavuka mpaka wa shamba lako, wewe utasema «yeye ndiye aliyevuka, basi na apime yeye»? Utakwenda na kamba yako. Anga la Uganda ni letu, ndege zinazopita tunazitoza ada ya kupita. Ada tunaijua mpaka senti. Kinachomwagwa hatukijui.

Jingine, kanuni zinakuja. Tangu 1 Januari 2025 Umoja wa Ulaya umewataka wenye ndege waanze kuripoti na haya yasiyo kaboni dioksaidi, kwanza kwa safari za huko huko kwao. Siku ikifika ya safari zinazotoka kwetu, wataitisha unyevu wa hewa ya juu ya Uganda. Kama hatuna, hesabu itafanywa kwa makisio, na makisio hayo ndiyo yatakayotutoza.

Mvuvi_wa_Kigungu

Mimi si msomi wa mambo hayo lakini naishi nayo. Huku Kigungu ndege inapita tukiwa ziwani, na alfajiri upepo ukitoka uwanjani tunapata harufu ya mafuta ya taa, kali, mpaka watoto wanalalamika macho. Ikiruka haina harufu hiyo sana. Inakuwa zaidi ikiwa chini inasubiri. Ni mimi najidanganya?

Bauza_Kitooro

Hujidanganyi hata kidogo, kaka. Pua yako imesoma sawasawa.

Injini ikiwa chini inanguruma polepole, joto lake ni dogo na mafuta hayaungui yote. Yanayobaki mabichi ndiyo hiyo harufu, na pamoja nayo monoksidi ya kaboni. Ikishika kasi ya kuruka inaunguza vizuri, harufu inapotea, lakini joto lile kubwa linaunganisha nitrojeni na oksijeni ya hewa yenyewe, na hapo oksidi za nitrojeni ndizo zinapanda. Kwa hiyo kila hatua ya safari ina uchafu wake.

ICAO wanapima injini kwa mfano mmoja wa hatua nne: kuruka kwa nguvu zote sekunde 42, kupaa kwa asilimia 85 dakika 2.2, kushuka kwa asilimia 30 dakika 4, na kutambaa ardhini kwa asilimia 7 dakika 26. Yote haya ni chini ya mita 915 kutoka ardhini. Matokeo ya kila injini yanawekwa kwenye benki ya data inayotunzwa na EASA, wakala wa usalama wa anga kule Ulaya, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. Trent 7000 za A330 zetu zimo. CF34 za CRJ zimo.

Lakini hizo dakika 26 za kutambaa ni za viwanja vyenye foleni. Entebbe ina njia kuu moja ya mita 3,658, na kwa siku za kawaida hata nusu ya dakika hizo haifiki. Ukitumia 26 unatuzidishia moshi wa ardhini. Halafu vipimo vyenyewe vinasawazishwa kwa usawa wa bahari na nyuzi 15. Sisi tuko mita 1,153, hewa nyepesi, mchana nyuzi 27. Nambari ile lazima irekebishwe kwa hali ya hapa, na wa kuileta hali ya hapa ni sisi.

Shikamoo_Soroti

Naongeza la upande wetu wa ndege ndogo, maana mnazungumza jeti tu. Ile benki ya data inachukua injini za jeti zenye nguvu zaidi ya kilonewtoni 26.7. Caravan haimo. Dash 8 haimo, kwa sababu ni pangaboi. Data za injini za pangaboi zinatunzwa na taasisi ya FOI ya Uswidi, na za injini za pistoni zilipimwa na mamlaka ya anga ya Uswisi. Hebu fikirieni: Kajjansi, Soroti, Kidepo, Kihihi, ndege karibu zote ni za aina hizo, na moshi wake unajulikana Stockholm na Bern.

Na zile za pistoni zinatumia petroli ya ndege yenye risasi. Mafuta yale yametiwa rangi ya buluu, kila mwanafunzi anayaona asubuhi akichunguza tangi. Risasi yake inaruhusiwa kufika gramu 0.56 kwa lita. Petroli ya magari iliachana na risasi zamani. Kwenye ripoti za CORSIA haya hayamo kabisa, ni ndege nyepesi na safari ni za ndani. Mimi nilisoma pale, nimevuta hewa ile, na nasema wazi kwamba shule yoyote ya urubani Afrika Mashariki inatakiwa kuwa na daftari la lita za buluu kwa mwezi. Si kazi ngumu. Ni safu mbili.

Mpakani_Busia

Hili la risasi sikulijua. Kuna vijiji vimepakana na viwanja hivyo.

Mzee_wa_Puto

Nimesoma yote. Mimi ni mstaafu wa hali ya hewa, niliingia kazini kijana, nikatoka na mvi. Bauza, swali lako la juu ya Masaka nitakujibu kwa kadiri ya nilivyofanya kazi.

Mchirizi wa ndege si moshi. Mafuta yakiungua, kila kilo inatoa mvuke wa maji karibu kilo moja na robo hivi. Mvuke huo ukitoka kwenye joto la injini na kukutana na hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri au baridi zaidi, unaganda juu ya vipande vya masizi na kuwa barafu. Mjerumani Schmidt alilieleza jambo hili 1941, Mmarekani Appleman akalikamilisha 1953. Hewa ikiwa kavu, mchirizi unafutika nyuma ya ndege kama mate juu ya kikaango. Hewa ikiwa imeshiba unyevu kupita kiwango cha barafu, haufutiki. Unatanuka, unakaa saa kadhaa, mwishowe huwezi kuutofautisha na wingu la juu la kawaida.

Sasa sikilizeni kuhusu ikweta. Ulaya wakati wa baridi unaipata nyuzi 40 chini ya sifuri kwenye kilomita nane au chini yake. Huku kwetu mpaka uvuke kilomita 10. Ndiyo maana ndege ya Entebbe kwenda Nairobi, safari fupi isiyohitaji kupanda sana, mara nyingi haiachi kitu, na ile inayopita juu kabisa inaacha mstari. Tena, kule kaskazini ndege mara nyingine inakuwa imeshavuka tabaka la mawingu na kuingia hewa kavu. Kwetu tabaka hilo linafika kilomita 16 au 17. Ndege haitoki. Inabaki ndani ya hewa ambayo radi za Ziwa Victoria na za Kongo zinaipandishia unyevu kila usiku.

Mchana mchirizi unafanya kazi mbili, unarudisha sehemu ya jua juu na unazuia joto la ardhi lisitoke. Usiku jua halipo, inabaki kazi moja tu, kuzuia joto. Na ndege nyingi za Ulaya zinaondoka Entebbe usiku.

Kwa hiyo ili ujue cha juu ya Masaka unahitaji kitu kimoja kigumu sana: unyevu wa hewa kwenye kilomita 11 kwa saa ile ile. Anayeupima ni puto. Puto moja lina gharama, gesi ina gharama, na kile chombo kidogo kinachoning'inia hakirudi. Katika Afrika nzima maputo yanayorushwa kila siku ni machache mno kwa ukubwa wa bara. Pasipo na puto, kompyuta kubwa za dunia, kama za ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, zinajaza pengo kwa setilaiti na hesabu, na unyevu wa juu ndio unaowasumbua kuliko kitu kingine.

Jambo moja pembeni, nisamehewe. Marehemu baba alikuwa mtunza bustani uwanjani. Ile ndege ya Comet ya BOAC, shirika la Uingereza, iliyoondoka London 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya jeti duniani yenye abiria wa kulipa nauli, ilitua Entebbe njiani. Baba alituambia sauti yake ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa. Yaani hewa ya Entebbe ilipokea moshi wa jeti ya abiria kabla ya miji mingi ya wakubwa. Miaka zaidi ya sabini sasa, na hatuna mfululizo wetu wenyewe wa vipimo vya moshi huo.

Bauza_Kitooro

Shikamoo Mzee. Hilo la Comet nimelisoma mara mbili nikanyamaza.

Mzee_wa_Puto

Marahaba mwanangu. Endeleeni.

Dada_wa_Ngong

Hamjambo majirani. Niwape moyo kutoka upande wa pili wa mpaka. Nairobi kuna puto la ozoni linalorushwa kila wiki, ni sehemu ya mtandao wa SHADOZ ulioanza 1998 kwa ajili ya nchi za kitropiki za kusini. Na juu ya Mlima Kenya, mita 3,678, kuna kituo cha mtandao wa WMO, shirika la hali ya hewa la dunia, tangu 1999. Ozoni inahusika moja kwa moja na ndege: oksidi za nitrojeni zikipata jua kali la ikweta zinatengeneza ozoni kwenye kimo ambacho inapasha joto, na upande mwingine zinapunguza methani, ambayo nayo ni gesijoto. Ukitaka jumla lazima uwe na zote mbili.

Tatizo letu la pekee ni radi. Radi nayo inaunganisha nitrojeni na oksijeni kama injini inavyofanya, na bonde la Kongo pamoja na ziwa lenu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Ukipima oksidi hizo juu ya Fort Portal, zipi za radi na zipi za ndege? Bila kumbukumbu ya ndege gani ilipita saa ngapi huwezi kuzitenganisha.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha: ndege yenyewe inaweza kuwa kipimo. Mradi wa MOZAIC ulianza 1994 kwa kufunga vyombo vya ozoni na unyevu kwenye Airbus A340 za abiria, na sasa unaendelea kwa jina la IAGOS. Air Namibia iliwahi kubeba vyombo hivyo kati ya Windhoek na Ulaya. Safari zile zilikata Afrika kutoka kusini mpaka kaskazini zikipima ozoni njia nzima, na wanasayansi bado wanazitumia. Shirika dogo la nchi yenye watu wachache! A330 za Uganda zinakwenda mbali. Kwa nini zisiombwe?

Bauza_Kitooro

Dada, umenipa usingizi mbaya leo, maana nitawaza hilo mpaka asubuhi. Na kuna ushahidi kwamba dunia inazitegemea ndege kwa vipimo: 2020 ndege zilipotuama kwa korona, WMO walitangaza kwamba taarifa za joto na upepo zinazotumwa na ndege za abiria zimepungua kwa robo tatu na zaidi. Watabiri wa hali ya hewa waliona pengo hilo kwenye kazi zao.

Nuru_wa_Wandegeya

Mimi ni mwanafunzi. Kampala tuna vipimo vya AirQo vya Makerere vimetundikwa sehemu nyingi, vinapima vumbi laini la PM2.5, na vimesaidia sana. Nilidhani tukiweka kimoja Kitooro, pale Entebbe, tungepata moshi wa ndege. Mwalimu wangu akanirekebisha: vipimo vya bei nafuu vinahesabu chembe kwa mwanga, na chembe ndogo kuliko sehemu tatu za kumi za mikroni karibu hazionekani. Masizi ya ndege mengi ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kipimo kitaona bodaboda, kitaona taka zinazochomwa, ndege kitaikosa. Kwa hiyo mtu asije akatuletea grafu ya PM2.5 akasema «Entebbe ndege hazichafui». Chombo cha chembe ndogo kabisa ni kingine na ni ghali.

Mvuvi_wa_Kigungu

Basi pua yangu inashinda mashine hiyo.

Nuru_wa_Wandegeya

Kwa harufu, ndiyo kaka. Na ukiandika tarehe, saa na upepo ulikotoka kila unaposikia harufu hiyo, hiyo ni data. Mimi ningeitumia kesho.

Abu_Kisenyi

Samahani, niulize ambalo wengi wanaogopa kuuliza. Hiyo mistari, huku mtaani watu wanasema ni dawa tunanyunyiziwa. Mzee ameeleza barafu, nimeelewa. Lakini mbona siku nyingine ipo na siku nyingine haipo, na ndege ni zile zile?

Mzee_wa_Puto

Umeuliza vizuri mwanangu, na jibu liko ndani ya swali lako. Ndege ni zile zile, hewa ndiyo iliyobadilika. Siku hewa ya juu ni kavu mstari haukai. Siku imeshiba, unakaa. Kama ingekuwa dawa, ingeonekana kila siku tanki likiwa na kitu.

Na hapo ndipo penye tumaini. Utafiti wa anga la Japani uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba asilimia 2.2 tu ya safari ndizo zilizobeba asilimia 80 ya joto la michirizi. Ukizijua hizo chache, rubani anaweza kupandisha au kushusha kidogo akaikwepa hewa iliyoshiba. Lakini hilo lilijulikana kwa sababu anga la Japani lina data. Asilimia yetu ni ngapi, hakuna anayeweza kuisema kwa vipimo vya hapa.

Bauza_Kitooro

Wakuu, sasa nafika kwenye ombi langu.

Unyevu wa kilomita 11 siwezi kuupima, sina puto. Lakini nusu ya pili ya swali, yaani ndege gani ilipita wapi saa ngapi kwa kimo gani, hiyo tunaweza. Kila ndege kubwa siku hizi inatangaza yenyewe mahali ilipo, takriban mara mbili kwa sekunde, kwenye megahezi 1090. Kidude cha kupokea kinachomekwa kwenye kompyuta ndogo kinatosha. Antena nimetengeneza kwa waya wa shaba wa sentimita 6.9, robo ya urefu wa wimbi. Nimeifunga juu ya mti wa muhogo wa televisheni ya zamani... samahani, juu ya mlingoti wa televisheni ya zamani, simu inajiandikia inavyotaka. Ndege iliyo juu naisikia kutoka mbali sana, mamia ya kilomita. Data natuma kwenye OpenSky, mtandao wa Uswisi unaotumiwa na watafiti.

Kabla ya kuweka antena nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, nikamweleza, akaja mwenyewe akaona. Fanyeni hivyo, msiweke waya juu ya bati kimyakimya.

Natafuta watu Gulu, Arua, Kasese, Kabale. Mwenye antena aweke. Asiye nayo, apige picha ya mchirizi na kuandika dakika ngapi umekaa. Lakini nawasihi sana kuhusu saa. Sisi tukisema saa mbili asubuhi, kompyuta ya mtu wa Uswisi inasoma 02:00, yaani saa nane usiku, na ukiongeza tofauti ya saa tatu za kanda, ndege na mchirizi havitakutana kamwe. Andikeni kwa saa ya UTC, ile ya dunia nzima: saa mbili asubuhi yetu ni 05:00. Umeme ukikatika andikeni umekatika saa ngapi, ili kimya kisihesabiwe kuwa ndege hazikupita.

Mpakani_Busia

Mkuu, nilikuja kupinga. Nina bati, na nina kijana wa fundi redio jirani. Busia uniandike.

Kijana_wa_Arua

Na Arua pia. Mjomba wangu ana ghorofa moja karibu na soko. Antena nimekata jana kwa kipimo chako, mwenyekiti ameridhia. Nitaleta majibu hapa hapa.

Bauza_Kitooro

Karibu sana mdogo wangu. Usisahau kusawazisha saa ya kompyuta kabla ya yote.

Kijana_wa_Arua

Tayari. Leo 03:52 UTC, futi 39,000, inaelekea kaskazini, haikutua kwetu. Nimetoka nje kuangalia. Mchirizi upo. Sasa ni 04:20, umetanuka upana wa kiganja nikinyoosha mkono, na bado haujafutika.